Swali la Kumi na Nne

Miaka ishirini na sita nimewauliza watu
walichobeba.
Swali la kumi na nne, ukurasa wa tatu:
Ulipoondoka, ulichukua nini?
Na visanduku vinne vya kutia vema,
nguo, vyombo, nyaraka, fedha.
Cha tano, Mengineyo, tulikiongeza kwa kalamu
kule Ilomba, Juni ile
baridi ikitutoa makamasi, mimi na wao sawasawa.

Nimepanda vyeo kwa majibu yao.
Mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki:
kila ngazi ina mtu aliyeacha mlango wazi.
Nimesoma makala kwenye kumbi zenye zulia,
nikatamka "waliohamishwa" kwa sauti ya kupimwa,
nikapewa makofi na chupa ya maji.

Leo niko Iyunga, kwa mama.
Barabara kuu inapanuliwa. Njia nne.
Walikuja vijana watatu na kopo la rangi,
wakamwamkia vizuri, shikamoo bibi,
wakachora X nyekundu ukutani
pale pale chokaa ilipobanduka mwaka wa mvua ya mawe,
na chini yake tarehe.
Mmoja wao, anasema mama, nilimfundisha mimi.
Aliniulizia hali.

Nimetoa daftari. Mazoea.
Mama Atupakisye hana habari na daftari.
Yuko uani, amekalia kinu kilichopinduliwa,
kopo la siagi kati ya miguu,
jiwe la mtoni mbele yake, nyundo mkononi:
ananyoosha misumari.
Bati limeshashuka upande wa jikoni,
na mlima Loleza unachungulia ndani bila hodi,
unaona masufuria,
unaona kitanda alichozalia watoto sita.

"Fidia wamesemaje?"
Ko.
"Na kiwanja, watakupa wapi?"
Ko. Ko.
"Mama, misumari ni bei rahisi.
Nitakununulia kilo nzima Mwanjelwa."
Anainua macho. Ananitazama
kama nilivyozoea kutazamwa
na watu waliochoka kuhojiwa.
"Hii imeshazijua mbao zangu," anasema.

Hapo ndipo Nduwayo aliponirudia.
Fundi cherehani, chumba kimoja, mahojiano namba sitini na moja.
Swali la kumi na nne alijibu: misumari.
Nikadhani sikusikia vizuri. Lafudhi.
Misumari, akarudia, akaonyesha urefu kwa kidole,
ya mlango. Mlango wenyewe ulikuwa mzito.
Mkewe akacheka kidogo, akaendelea kuchambua dagaa.
Mimi nikatia vema kwenye Mengineyo.

Asilimia mbili nukta nne.
Kwenye mchoro wa saba walikuwa utepe wa kijivu,
mwembamba, hata mchapaji akanipigia simu
kuuliza kama aufute.
Nikamwambia futa.

Sijui Nduwayo yuko wapi. Chumba kile sasa wanauza vocha.
Niliandika kuhusu hilo pia, kurasa kumi na tisa,
na jina lake nikalificha, kama maadili yanavyotaka,
nikalificha vizuri mno
hata leo nimehangaika kulikumbuka.

Ukungu unateremka. Mama anajisogeza kwenye kinu,
inabaki nafasi ya tako moja.
Ananipa msumari uliopinda vibaya,
wa nchi sita, wa kenchi, wenye kutu ya baba.
"Shika huku, karibu na kichwa.
Usikunje uso. Siyo wewe ninayekupiga."

Nashika.
Kesho kutwa nina mhadhara Iringa, saa tatu asubuhi,
mada imeshabandikwa mlangoni.
Ko.
Daftari limeanguka kwenye majivu, hakuna anayeliokota.
Ko.
"Umenyooka kidogo," anasema. "Geuza."