Goti la Gwakisa

Upanga, saa kumi na moja, jukwaa la saruji bado la moto.
Tunaligombania goti la Gwakisa
kama ndugu na kiwanja cha marehemu.

Mwanaidi anataka acheze leo:
"Robo ya nne tu. Asimame chini ya goli,
hata asiruke. Kivuli chake kinatosha."

Mbonea kinyozi hataki kusikia.
Mwezi wa tatu alikaa safu ya pili,
akausikia ule mlio: kah!
muwa unaovunjwa gotini.
"Muhimbili wanashona," anasema, "hawaumbi."

Mmoja ana shemeji anayejua mifupa.
Mmoja kaweka dau hela ya kodi, hasemi kitu.

Mwenyewe yuko mwisho wa benchi,
futi sita na inchi kumi za ukimya,
barafu imefungwa kwa khanga ya mama yake.

Mpira unatoka nje, unabingirika hadi miguuni pake.
Anainama.
Polepole.
Jukwaa zima limebana pumzi,
Mbonea kashika goti lake mwenyewe.

Anauokota, anamrushia refa, anakaa.

"Umeona?" anasema Mwanaidi.

"Umeona?" anasema Mbonea.