Namba Kumi na Tatu

Nyumbani bado wanasema gari moshi.
Nimemweleza shangazi Mwanahawa mara tatu kwa simu:
hili halina moshi, shangazi, linakula umeme wa waya,
na mimi siliendeshi.
"Sasa unafanya nini humo usiku kucha?"
Nafunga nati.
Akanyamaza. "Na kukikucha?"
Nahakikisha nilizifunga.

Karakana ya Heaton, Newcastle, saa tisa usiku.
Nimo shimoni. Behewa limesimama juu ya kofia yangu
likidondosha mvua liliyoibeba kutoka Uskoti,
tone, tone, ndani ya kola.
Bogi, springi, mabomba ya hewa:
upande wa treni usiopigwa picha.

Fundi wangu ni Malcolm Hedley. Hasifu.
Akiridhika husema "Endelea."
Asiporidhika husema "Tena."
Mwezi wa kwanza nilidhani hana neno jingine.
Alinifunza kupapasa gurudumu kwa kidole bila glavu,
polepole, kama anayetafuta mwiba unyayoni mwa mtoto,
maana jicho huchoka kabla ya kidole.
Kwetu, usipoziba ufa utajenga ukuta.
Hapa hakuna ukuta wa kujenga.
Hapa ufa mwembamba kama unywele
umebeba viti mia mbili na arobaini.

Nati niliyoikaza naichora mstari wa njano,
nusu kwenye nati, nusu kwenye chuma.
Mstari ukikatika, nati imetembea.

Na kila zana ina kivuli chake ubaoni,
kimechorwa kwa rangi nyekundu, kinaisubiri irudi.
Usiku wa Jumanne
kivuli cha namba kumi na tatu kilibaki kitupu.

Nikatazama mfukoni. Nikatazama ndooni.
Nikamtazama Priyesh, mwanagenzi mwenzangu; akatikisa kichwa.
Treni ilitakiwa itoke saa kumi na moja na dakika kumi.
Spana yenyewe haizidi kiganja.
Ningeweza kuchukua nyingine stoo, nikaitundika,
nikanawa mikono, nikaenda kunywa chai.
Nani angejua?
Spana ingejua,
popote ilipo, ikitetemeka karibu na breki
kwa mwendo wa maili mia na ishini kwa saa.

Nikapanda ngazi kwa miguu ya mtu mwingine.
"Malcolm, nimepoteza kumi na tatu."
Hakusema Endelea. Hakusema Tena.
Alitundika kibao chekundu kwenye mlango wa dereva,
akawasha tochi,
akashuka shimoni mbele yangu, na magoti yake yale mabovu.

Tulitafuta watu wanne.
Mahali fulani mtu mwenye tai alikuwa akihesabu dakika.
Saa kumi na moja na dakika ishirini na sita
Priyesh akapiga mbinja:
ilikuwa juu ya bomba la hewa, imejilalia,
pale nilipoiweka mwenyewe ili nijikune pua.

Pua!

Daftarini Malcolm akaandika: kuchelewa, dakika thelathini na moja.
Sababu: zana.
Kisha jina langu, Saumu,
yeye ambaye tangu Septemba aliniandika Samu.
Wino haukunitukana. Wala haukunisamehe.
"Tena," akasema, na tukaanza kukagua upya,
kuanzia gurudumu la kwanza.

Alhamisi nilikwenda Durham kung'olewa jino.
Treni ikaingia; nikasoma namba ubavuni. Ndiyo yenyewe.
Nikakaa juu ya bogi ninayoijua,
nikasikiliza sakafu kwa nyayo.
Mbele yangu mama mmoja alitoa kioo kidogo
akaanza kujipaka wanja.
Tulipita daraja, tukapita makutano ya reli,
pale ambapo magurudumu husema yote yaliyomo moyoni mwao.
Mkono wake haukusita.
Mstari ulitoka kona ya jicho hadi kona ya jicho,
mweusi, mzima.

Akafunga kioo. Akaniona nimemkodolea macho.
Nikageukia dirisha
kama mwizi.