Mpira Unapoteremka Kadutu

Uwanja wetu hauna ukuta upande wa bondeni.
Mpira ukigonga chuma vibaya unateremka,
unampita fundi cherehani, unampita muuza makala,
unaruka mfereji, na ukiachiwa
utafika Ziwa Kivu kabla yetu.
Mwanzoni waliukimbilia wote watano,
wakarudi wanahema, giza limeshaingia.

Ndivyo walivyocheza pia.
Kila mmoja na mtu wake, bega kwa bega,
Nsimire akimwandama wake karibu hadi kwenye benchi,
na nyuma yao kikapu wazi
kama nyumba ambayo wote wamekwenda msibani.

Nikachora kwa kipande cha kaa
visanduku vitano kwenye saruji yenye nyufa.
"Wawili mbele, watatu nyuma.
Hapa ni pako. Usimlinde mtu, linda mahali."
Ntakwinja akauliza: "Na mtu akiondoka?"
"Mwache aende. Mkabidhi mwenzako, kwa sauti."
"Na mwenzangu akiwa amelala?"
Sikuwa na jibu. Nilipuliza filimbi.

Wiki tatu za mvua. Mchoro ulifutika, nikachora tena.
Usiku nilipanga vizibo vya soda mezani;
mume wangu akasogeza kimoja,
akaniuliza ni lini nimeanza kucheza dama.

Jumamosi niliwapeleka sokoni. Hatukununua kitu.
"Tazameni tu," nikawaambia.
Kijana mwenye vidole vyepesi
aliingia katikati ya meza za sambaza.
Hakuna mama aliyeinuka.
Wa kwanza alikohoa.
Wa pili akavuta sahani yake.
Wa tatu akamsalimia kwa jina la baba yake.
Akatokea upande wa pili mikono mitupu,
na Mugoli akacheka: "Kumbe mama yangu ni kocha!"

Tulipokutana na wasichana wa Nguba, wenye viatu vya aina moja,
tulifungwa. Hamsini na moja kwa thelathini na nane,
nayasema mwenyewe kabla hamjauliza.
Ila robo ya tatu, yule mrefu wao
alishika mpira pembeni, akatazama kushoto: mikono.
Katikati: mikono.
"Wako!" "Wangu!" "Kona, Nabintu, kona!"
Watano wakisogea kama shuka moja kwenye kamba.
Sekunde ishirini na nne zikamwishia kiganjani.
Wangu wakakumbatiana hadi refa akawakemea.

Jumatatu Cibalonza alirusha ovyo,
mpira ukashika mteremko.
Nilishafungua mdomo nipige kelele.
Nsimire alikuwa kwa fundi cherehani tayari,
Mugoli kwenye mfereji,
Ntakwinja chini zaidi, kwenye kona ya makala,
Nabintu karibu na bomba la maji,
magoti yamekunjwa, mikono wazi.

Hakuna aliyeukimbilia.
Mpira ulikuja wenyewe.