Tundu la Milimita Nane

Chomoa kwanza, anasema baba,
na waya tayari uko mkononi mwangu,
plagi inaning'inia kama mkia wa panya.
Chomoa, anarudia, hata kama umechomoa.
Hmayak ameketi karibu na jiko, viganja magotini.
Vinatetemeka tangu Machi,
na neno la daktari halitajwi nyumba hii.

Drili yake ni ya chuma kitupu,
nzito kama mtoto aliyelala.
Ufunguo wa taya ameufunga kwa kamba ya kiatu
kwenye waya, jirani kabisa na plagi,
kwa makusudi: hukazi biti
mpaka uvute umeme ukutani.
Aliufunga siku ile Serob alipousahau tayani,
akawasha, ukaruka, ukamng'oa jino.
Serob hadi leo huringia la dhahabu.

Mimi nataka rafu tu.
Ubao wa mjozi, kigae, halafu ukuta.

Funga nywele. Vua skafu. Miwani. Glovu hapana:
kinachozunguka hula kitambaa, kisha hula kidole.

Mjozi haukuleta ubishi.
Niliubana mezani, kipande cha taka chini yake
biti isitokee upande wa pili na kubeba nyuzi.
Nikazama, nikatoa, nikazama,
unga ukamwagika wa kahawia, mchungu puani.
"Kabati la mama yako lina kovu nyuma," akasema.
"Sikuweka taka. Nilikuwa na haraka ya kuoa."

Kigae: utepe wa karatasi, msalaba wa penseli,
biti yenye ncha ya mkuki, swichi ya nyundo imezimwa,
mwendo wa mtu anayekoroga uji wa mgonjwa.
Nikapasua cha kwanza.
Akatazama dirishani, theluji ya Gyumri juu ya mawe meusi.
"Viko viwili vya akiba," akasema,
na mimi nikajua kwamba kimebaki kimoja.
Cha pili kikakubali.

Nyuma yake, zege.
Sasa washa nyundo, badilisha biti,
zungushia utepe pale kina kinapoishia.
Nikaegemea kwa bega, kwa kiuno, kwa hasira,
mashine ikalia, ikanuka moto.
"Unaikandamiza! Iache ile yenyewe."
Nikalegeza. Ikala.
Sentimita nne, tano,
halafu sauti ikabadilika, nyembamba, ya meno.

"Zima."

Nondo, akasema. Usishindane nayo.
Kisha akainuka, jambo asilolifanya bila fimbo,
akaja, akaweka sikio kwenye tundu.

Sikuuliza. Nilikuwa na miaka mitatu Desemba ile
jiji lilipolala chini.
Alizungumza na kigae, si nami:
"Jenereta moja, drili hii hii.
Kila kiganja kimoja cha zege tulizima.
Watu hudhani kazi ilikuwa kutoboa.
Kazi ilikuwa kuzima.
Unazima, unasikiliza, unaita jina,
unasikiliza tena."
Vumbi jeupe lilikuwa limeshika nyusi zake.
"Wawili," akasema. "Kwa siku sita, wawili."

Akarudi kitini.
"Vidole viwili kushoto. Toboa."

Rafu ikakaa. Ina mitungi sita ya jamu na haiyumbi.

Jioni nikachomoa, akaniambia nichomoe,
nikapiga mswaki matundu ya hewa,
nikatia tone la mafuta tayani, moja,
nikapitisha waya wote kati ya vidole nikitafuta ufa.
Brashi za kaboni zimebaki nusu ukucha:
nimeandika kwenye karatasi ya sokoni, chini ya vitunguu.
Biti nikazifuta, kila moja kwenye shimo lake.

Halafu nikaleta plasta
kwa lile tundu la kwanza, lililogonga nondo.

Kesho, akasema.
Hajageuka kunitazama.
Liache wazi mpaka kesho.