Kazi ya Nyusi

Mteja ndiye aliyekiona, si mimi.
Nilikuwa nimeinama, nikimsuka mwanawe twende kilioni,
kilemba kikateleza, naye akanyamaza ghafla
kama mtu aliyeona nyoka kwenye kapu la unga.
"Somoe," akasema, "nyuma ya sikio lako pana shilingi."

Shilingi moja, laini, ya duara,
iking'aa kuliko zote nilizopata wiki ile.
Kufikia mnada wa pili wa korosho zilikuwa sita.
Kufikia wa nne zilikuwa zimeshikana mikono.
Asubuhi nywele zilibaki zimelala juu ya mto,
mimi nikaamka peke yangu.

Ushauri haukuuzwa, ulimwagwa.
Maji ya kitunguu. Mafuta ya nyonyo.
Jirani akasema ni mapunye,
akamwinua mtoto wake kutoka kigodani pangu,
upande mmoja umesukwa, upande mmoja bado.
Shemeji akaleta kichupa cha mafuta ya maganda ya korosho.
Yale yanayobabua vidole vya wabanguaji?
"Ndiyo," akasema, "yana nguvu."
Mama mkwe hakusema kitu. Alihesabu tu
nimegombana na nani tangu unyago wa Julai.

Ndanda, daktari alinichorea kwa kalamu.
Mwili una askari wake, akasema,
na askari hao wameamka siku moja
wakaziona nywele kama wageni wasio na kibali.
Haiambukizi. Si laana.
Zinaweza kurudi, zinaweza zisirudi.
Nikamuuliza nani atawaambia askari
kwamba wale ni wenyeji.
Akacheka kidogo, akaandika dawa ya kupaka,
na juu yake neno: alopesia.
Nililigeuza mdomoni njia nzima.
Lingefaa kuwa jina la mtoto wa kike.

Masasi tumezungukwa na milima ya mawe,
vipara vitupu tangu enzi za mababu,
mvua ikinyesha vinang'aa,
na hakuna aliyewahi kuipeleka kwa mganga.
Hili nililiwaza kwa hasira, nikifua vilemba.

Kinyozi hajinyoi, watu husema.
Desemba nilijinyoa.
Wembe mpya, beseni, kioo cha kazini,
binti yangu Asumini ameshika tochi ya simu.
Mara ya mwisho kunyolewa hivi nilikuwa mwali:
vigelegele uani, shangazi wakiniambia sasa umekua.
Safari hii hakuna aliyepiga.
Asumini akanipangusa shingo kwa kanga.
"Mama, una kovu hapa."
Nilipoanguka mkoroshoni kwa babu.
Miaka thelathini na moja nililifuga bila kujua.

Kisha nyusi.
Hakuna aliyenionya kuhusu nyusi.
Nilidhani ni pambo, kama hina, kama wanja,
mpaka jasho la saa saba mchana
liliposhuka kwenye paji la uso bila kizuizi
likaingia moja kwa moja machoni.
Wateja hudhani ninalia.
Mara nyingine ni kweli,
na hapo jasho hunisitiri.

Waliohama wamehama. Siwataji.
Jana alikuja bibi harusi mtarajiwa kutoka Nangaya,
nywele zake nzito, zimeshiba,
kitana kinazama kama jembe kwenye udongo wa masika.
Nikazigawa mistari. Vidole havikuuliza swali.
Sitasema uongo: nilizionea wivu,
unywele kwa unywele, hadi saa mbili na nusu usiku.
Nikamlipisha bei ileile.

Alipokuwa akihesabu noti,
tone likaniingia jicho la kushoto.
Nikakunja kitambaa, nikakifunga juu ya macho,
pale nyusi zilipokuwa zikifanya kazi bila mshahara,
nikamwita anayefuata.