Fito, Pau, Boriti

Fomu imekuja jana kutoka Unguja, kwa meli,
imekunjika pembe, ina muhuri wa buluu.
Safu ya nne: tarehe ya kuzaliwa.
Hakuna safu ya magoti.
Hakuna ya usingizi, wala ya nani hulia chooni.

Ghala letu hapa Wete lilikuwa la karafuu;
mvua ikinyesha, kuta bado zinanukia.
Chaki ni ile ile ya ubaoni, tunaitwanga kinuni,
na boriti tunayoipanda ni mkoko kweli:
Shaame seremala kairanda mpaka upana wa kiganja,
tukaivisha blanketi.

Mwanakombo Faki, miaka kumi na miwili,
hujipindua kinyumenyume juu yake
kama mtu anayegeuza chapati.
Siku tatu. Angezaliwa siku tatu mapema,
Disemba badala ya Januari,
fomu ingemwita chipukizi mkubwa.

Mama yake kaja baada ya Isha, karatasi ndani ya buibui.
"Siku tatu tu, mwalimu. Kwa sheha nishapita.
Usiku ule nani alishika saa?"
Nikamtazama mtoto. Alikuwa mlangoni,
anasukuma kwa ulimi gego linalotikisika,
la utotoni, la mwisho.

Na Riziki? Riziki ana kumi na nne na nusu,
fomu inamkubali bila swali.
Lakini tangu Mfunguo Tatu mwili wake umehama nyumba,
nyonga zimefika kabla yake mwenyewe.
Leo alipanda, akasimama, miguu imeungana,
sote tukihesabu kimoyomoyo.
Akashuka.
"Si leo, mwalimu."
Wadogo wakacheka.
Mimi neno hilo sikulisema, mwaka wangu wa halaiki,
ndiyo maana nikipanda ngazi
goti hili hutangulia kulisema.

Baba yangu alikata mikoko Micheweni.
Hakuuliza mti una miaka mingapi.
Aliuzungushia mkono: huu ufito, huu upau,
hii boriti; na mwingine
aliupiga kofi dogo, akauacha, akapita.
Na hata yeye alikosea. Nyumba yetu ya kwanza
ilipinda mgongo mwaka wa pili.

Nimeandika tarehe tatu Januari, kwa wino.
Mama mtu kaondoka bila kuaga;
kesho sokoni atanipita kama nguzo ya umeme.
Mstari wa Riziki bado mtupu,
kalamu imelala juu yake,
na meli inarudi saa moja asubuhi.

Nimezima taa, nimefunga kufuli.
Kumbe Mwanakombo hakuondoka na mama yake.
Yuko kibarazani, kafungua kiganja:
gego, damu kidogo, na chaki.
Anauliza kama linahesabiwa.