Kiambishi cha Nafsi ya Tatu

Jumatano moja, mwaka wa pili wa umahiri,
Profesa Rweikiza alifika slaidi ya arobaini na moja,
akakohoa,
akasema, "Hii mtajisomea,"
projekta ikarukia kifafa.
Tulikuwa tisa. Hakuna aliyejisomea.
Mtihani haukuuliza.

Sasa ni Machi, Upanga, chumba namba sita.
Feni inazunguka kama mtu aliyepoteza ufunguo.
Kondo, miaka kumi na saba, wa Yombo Vituka,
ameketi ukingoni mwa kiti, viganja katikati ya magoti.
Wiki tatu hajalala.
Mama yake yuko nje kwenye benchi,
chupa moja ya uji, nyingine ya maji ya kuombewa.
Mlango wetu haufungi vizuri.

Fomu inataka: *Una rafiki wa kike?*
Kalamu ilishaanza safari.
Mwaka jana nilimwuliza hivyo kijana mwingine.
Akasema hapana, nikaandika hapana,
nikampa tarehe ya kurudi.
Tarehe ilifika peke yake.

Nikainua kalamu.
"Kuna mtu unayemuwaza?"

Feni.
Nje ya ukuta muuza kahawa anagonganisha vikombe.

"Alikuwepo. Tulisoma pamoja.
Alihamia Tabora. Hapigi simu.
Nilimpenda, dokta."

Alikuwepo. Alihamia. Nilimpenda.
Kidato cha pili, mwalimu Nditi alitukaririsha:
*a-*, nafsi ya tatu, umoja,
haiulizi mume wala mke.
Tulikariri kama kasuku.
Kumbe bibi zetu walijenga lugha yenye ukumbi,
mtu akaketi humo na ampendaye,
na mpita njia asijue zaidi ya kwamba
kuna anayependa.

"Huniulizi ni nani?"
"Ukitaka kuniambia."
Akautazama mlango.
Nikasimama, nikauegemezea kiti changu,
nikabaki nimesimama.
Akataja jina.
Jina la kawaida tu, la mvulana anayecheza winga
na kusahau madaftari.

"Hili lina dawa?"
"Si ugonjwa, halina dawa.
Usingizi ndio tutautafutia."
Alicheka kidogo, kwa pua, kisha akalia
muda mrefu kuliko dakika nilizopangiwa.

Faili za hapa hupita mikono mingi:
masjala, muuguzi wa zamu, mtu wa bima,
binamu wa mtu wa bima.
Nikaandika: *Alimpenda mtu. Mtu huyo alihama.
Anaomboleza. Hali usiku.*
Kila neno la kweli.
Mstari wa fomu nikauacha mweupe.

Nje mama akanishika mkono.
"Umemwona na nini?"
"Amechoka, mama. Mpe uji kwanza."
Kuhusu ile chupa nyingine sikusema kitu,
na hadi leo sijui kama nilifanya vema.

Wiki ijayo ni zamu yangu kuwasilisha mada.
Nimeomba slaidi ya arobaini na moja.
Profesa alikohoa.
Akavua miwani, akaifuta kwa tai,
akaniuliza nitahitaji dakika ngapi.